Siku Miwani Alipomtetea Hakimu

Mama yake Sindano alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Chai aliyopewa ilikuwa imeanza kufanya utando. Hakuigusa. Macho yake yalikuwa yanapita kwa mtu mmoja mmoja, yanatua, yanapima, kisha yanahamia kwa mwingine.

Sindano alikaa upande wa pili wa chumba, akijitahidi asimtazame mtu. Asimtazame mama, kwa sababu mama alikuwa amekuja kumchunguza. Asimtazame Miwani, yule kijana wa duka la miwani, kwa sababu mama angeona. Kwa hiyo alitazama zulia, na zulia la Bibi Mkunga, mwenye nyumba, halikuwa na cha kutazama zaidi ya tundu moja lililounguzwa na pasi.

Mchana ule alipokuwa anatoka nyumbani, mama alimsimamia mlangoni.

"Safari ya wapi?"

"Chamani, mama. Si Jumamosi leo?"

"Chama cha kusoma kitabu."

"Ndiyo."

"Mtu anakwenda kusoma kitabu amejipaka mafuta mpaka viwikoni? Kitabu kinaona viwiko?" Mama akainama, akachomoa chini ya kabati viatu vyake vya kutokea. "Ningoje. Na mimi leo nimepata hamu ya kusoma."

Njia nzima hawakusemezana. Wote wawili walikuwa wanafikiria kesho. Kesho Jumapili ndugu wa mkandarasi aliyemposa Sindano walikuwa wanakuja kuchukua jibu. Mama alikwisha kulitoa jibu hilo moyoni siku nyingi; kilichobaki ni Sindano kuliweka mdomoni mbele ya mjomba. Na Miwani, mtu pekee ambaye neno lake lingemtia Sindano nguvu ya kusema hapana, hakuwa amesema neno. Asiposema leo, kesho Sindano angesimama na nani?

*

Chama chao kilikuwa na utaratibu wake, na asiyeuzoea aliuona kama wazimu. Walisoma riwaya za zamani, zile nene ambazo watu huzisifia bila kuzifungua. Lakini kitabu kilikuwa kimoja na watu ni saba, wawili wao mapacha. Ndipo Bibi Mkunga, aliyestaafu kazi ya kuzalisha lakini hakustaafu kuamrisha, alipochukua wembe akakikata kitabu mgongoni.

"Bibi, unaua kitabu!" kinyozi, mmoja wa wanachama, alipiga kelele siku hiyo.

"Nimekata vitovu vya nusu ya mji huu," Bibi Mkunga alimjibu bila kuinua uso. "Nitashindwa na uzi wa kitabu?"

Akatoa vipande sita. Sindano, ambaye kazi yake ni kushona mapazia, akavishonea kila kipande jalada la kitambaa kilichobaki dukani. Kila mtu akabeba chake. Jumamosi kwa Jumamosi mwenye zamu anawasimulia wenzake kipande chake kwa mdomo, na wenye vipande vya mbele wanafunga midomo. Kuchungulia cha mwenzio ni marufuku. Akimaliza kusimulia, Bibi Mkunga humuuliza swali moja, lile lile kila wiki: "Ungekuwa wewe?" Na lazima ajibu.

Kinyozi alikuwa na kipande cha kwanza. Mapacha wa posta walikuwa na cha pili kwa pamoja, wakakisimulia kwa kunyang'anyana maneno. Leo zamu ilikuwa ya Miwani, kipande cha tatu. Cha nne alikuwa nacho Sindano mwenyewe. Mwenye cha tano alihamishwa kikazi akakiacha mezani. Cha mwisho alikuwa nacho Bibi Mkunga, na hakuna aliyethubutu hata kukitazama.

Riwaya ilikuwa ya binti wa mwenye kinu cha kusaga. Palikuwa na hakimu aliyemtaka, na palikuwa na karani wa mizani pale kinuni, kijana aliyempenda binti lakini akabaki kupima magunia, hasemi kitu.

Huyo karani ndiye aliyekuwa balaa lao. Sindano na Miwani walijuana kabla ya chama. Sindano alikwenda dukani kwake macho yalipoanza kumsumbua, uzi haupiti tunduni. Miwani alimvisha fremu, akamrekebishia nyuma ya masikio kwa vidole vyenye harufu ya spiriti, akamwambia, "Tazama herufi zile." Akatazama. "Sasa nitazame mimi." Akamtazama. Tangu hapo macho hayakuwa na ugonjwa mwingine ila ule.

Lakini walipoanza kutembea pamoja kutoka chamani hadi kwenye kona ya duka la rangi, waliona haya kuongea habari zao, wakaongea za kitabu.

"Hivi karani akisema," Miwani aliuliza mara moja, "unadhani binti atamjibu nini?"

"Aseme kwanza, ndipo ajibiwe."

"Akicheka je?"

"Binti huyo si mtu wa kucheka watu."

Wakawa hivyo. Wiki baada ya wiki, karani hivi, binti vile. Na Jumamosi iliyopita Sindano alijikaza, akamwambia penye kona, "Binti wa kinu ameshaposwa. Wanakuja Jumapili ijayo kuchukua jibu. Karani atafanyaje?"

Miwani alisimama, akamtazama kwa muda, kisha akasema, "Nitakujibu Jumamosi, zamu yangu."

Sindano aliishi juma zima kwa sentensi hiyo.

*

"Haya, Miwani," Bibi Mkunga alisema, akijiweka sawa kitini. "Leo tuna mgeni, usitutie aibu. Mama, karibu sana. Hapa hatuna mwenyekiti wala hatuna mhubiri. Ukiona jambo, sema."

"Nimekaribia," mama alisema. "Mimi ni mpishi wa shule, vitabu navionea kwa mbali. Nitasikiliza tu."

Miwani akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata. Alimwamkia mama kwa heshima, akaitikiwa, akafungua kipande chake lakini hakukisoma. Alijua kusimulia. Akianza, hata mapacha wa posta walinyamaza.

Alisimulia jinsi baba wa binti alivyoanguka kinuni, mguu ukavunjika, homa ikampanda. Daktari alikuwa mji wa pili na njia imekatika kwa mvua. Hakimu akatoka mwenyewe juu ya farasi, akamleta daktari, amelowa mpaka mifupa.

"Mh!" mama akaguna.

 Sindano aliujua mguno huo.

Miwani naye aliusikia. Akamgeukia mama kidogo. "Si hivyo tu, mama. Alikaa kando ya kitanda cha mgonjwa mpaka homa ikashuka. Akakarabati na paa la kinu. Walipotaka kumshukuru alikataa, akasema amefanya la mtu kwa mtu."

"Wapo watu wa namna hiyo," mama alisema. Alikuwa ameondoa mikono juu ya mkoba. "Mimi namjua mmoja. Upepo ulipotung'olea mabati, alikuja na vijana wake kabla sijamwita. Na huu mguu wangu, kliniki zote amenipeleka yeye. Hata chai yangu anakunywa kwa kuombwa."

"Basi mama unamwelewa hakimu kuliko sisi sote!" Miwani akasema, uso umemchanua.

Sindano aliona kila kitu kama mtu anayetazama glasi ikiteleza ukingoni mwa meza. Aliona Miwani anavyopendezwa na kupendeza. Aliona anavyomsogelea mama kwa maneno, hatua kwa hatua, anamtafutia la kumfurahisha, na kila mama akitingisha kichwa Miwani anaongeza chumvi. Hakimu akawa mpole. Hakimu akawa mcheshi. Hakimu akawa anawapenda watoto wa jirani.

"Kaka, ngoja," kinyozi akamkata. "Na karani wangu wa mizani je? Hukumwona kabisa humo?"

"Karani?" Miwani akacheka. "Karani yupo, anapima unga."

Watu wakacheka. Mama pia akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Huyo karani ana nini?" Miwani aliendelea, amelewa na kile kicheko. "Mgonjwa amelala, hakimu yuko njiani na mvua, karani yuko wapi? Mizani! Mapenzi ya kukaa kimya yatamfaa nini mtu? Mwishoni mwa kipande hiki ndugu wa hakimu wanakuja Jumapili kuchukua jibu, na mimi nilikuwa naomba binti asifanye ujinga."

 Bibi Mkunga alimtazama Sindano, akamtazama Miwani, kisha akauliza taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma, "Ungekuwa wewe? Ungekuwa wewe ndiye binti?"

"Ningemkubali hakimu, Bibi. Mchana kweupe."

"Kijana huyu ana akili," mama alisema. Alichukua kikombe kile cha chai yenye utando, akanywa. "Sindano, umemsikia mwenzio?"

"Nimesikia, mama."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini Miwani, ambaye kazi yake ni kutazama macho ya watu, aliyaona macho yale, na kicheko kikamfia usoni.

"Na wewe mwenye kipande cha nne," mmoja wa mapacha akamchokoza Sindano, "mbona umekunja uso? Kuna nini huko mbele?"

"Hasemi!" Bibi Mkunga akakemea. "Sheria ni sheria. Sindano, nenda jikoni kachemshe maji, chai hii imekuwa bwawa. Miwani, kamsaidie kubeba sufuria."

Mama akainua nyusi. "Sufuria gani inayobebwa na watu wawili?"

"Ah, mama," kinyozi alisema kwa uso mkavu, "sufuria ya hapa ni nzito, wewe acha tu. Mimi mwenyewe iliniteguaga mkono."

*

Jiko la Bibi Mkunga lilikuwa jembamba, watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Sindano alifungua bomba hadi mwisho ili maji yapige kelele.

"Nimekosea wapi?" Miwani alinong'ona.

"Hujakosea. Umesimulia vizuri sana. Mama amekunywa chai."

"Usinifanyie hivyo. Niambie."

Sindano alimgeukia. Machozi hayakutoka, alikuwa na hasira mno. "Umeniuza. Umesimama mbele ya mama yangu, umevaa shati jeupe, ukaniuza kwa makofi."

"Nilikuwa naongea kitabu!"

"Sisi lini tuliongea kitabu?"

 Maji yalijaa sufuria yakaanza kumwagika, hakuna aliyefunga bomba.

"Wiki iliyopita nilikuambia wanakuja Jumapili," Sindano alisema. "Ukasema utanijibu leo. Nimeshona mapazia ya hoteli nzima wiki hii, kila tundu la sindano naliona jibu lako. Jibu lenyewe ndiyo hili? Asifanye ujinga?"

"Nilidhani..." Miwani alijipangusa uso. "Nilifika nyumbani nikafungua kipande changu, nikakuta Jumapili imo, na ndugu wamo. Nikasema, kumbe amechungulia. Nikasema, basi alikuwa anaongea kitabu kweli."

"Ulisema hivyo moyoni."

"Ndiyo."

"Na moyo ukakubali?"

  Miwani alinyoosha mkono, akafunga bomba.

"Haukukubali," alisema. "Nilitaka iwe kitabu. Ikiwa kitabu sina la kufanya. Ikiwa kweli, natakiwa nitembee mpaka mlangoni kwenu niseme mimi ni nani, na nikijitazama sioni cha kusema. Sina baba, sina mama, nalala nyuma ya duka. Halafu leo nimemkuta mama yako amekaa pale. Nikajua hapa ndipo mahali pa kuogopa. Alipoguna nikasema, ah, nimempatia. Alipotingisha kichwa nikazidi. Nilitaka anipende, basi. Sikutazama napita njia gani."

"Unajua yule mtu wa mabati anayemtaja ni nani?"

"Sasa hivi ndiyo nimejua."

"Ni mtu mwema," Sindano alisema. "Ungekuta ni mbaya ningepumua. Anakuja nyumbani anakaa ukingoni mwa kochi kama anaogopa kulichafua. Kila nikitaka kusema hapana, nayakumbuka mabati. Naukumbuka mguu wa mama. Ninakosa mdomo. Kipande changu kizima ni hicho hicho, Miwani, wewe hujakisoma. Hakimu habadiliki, ni mwema mpaka mwisho, na binti anakwenda kupima gauni la harusi, kila akienda linazidi kumpwaya. Wanalipunguza. Linapwaya tena. Na hakuna anayemuuliza, kwa sababu wote wanamtazama hakimu."

Miwani alimtazama. Hakuwa anatazama kama fundi wa miwani sasa. Aliinua mkono, ukasita hewani karibu na shavu lake, ukashuka.

"Niambie nifanye nini."

"Hapana. Hilo nami sitakufanyia."

"Naona sufuria imekuwa nzito kweli," mtu alisema nyuma yao.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameuacha mkoba wake, jambo ambalo Sindano hakuwahi kuliona kwenye nyumba ya watu. Huko sebuleni hapakusikika hata kikohozi.

"Endeleeni," mama alisema. "Mimi nimekuja chamani, nimeambiwa nikiona jambo niseme. Lakini naona bado hamjamaliza kusimulia."

"Mama..." Sindano alianza.

"Simwulizi mtu wa kwangu. Namwuliza huyu." Akamgeukia Miwani. "Baba, una shughuli gani na binti yangu?"

Miwani akasimama wima. Rangi ilikuwa imemtoka, na mikono hakujua aiweke wapi. Mwishowe akaishika mgongoni kama mwanafunzi.

"Nampenda, mama."

"Nani?"

"Binti yako. Huyu hapa. Si wa kitabu."

"Mbona sasa hivi tu ulikuwa unanisaidia kumwoza?"

Kutoka sebuleni kinyozi aliachia kicheko, akazibwa mdomo na mtu.

"Nilikuwa najipendekeza kwako," Miwani alisema. "Nimefanya upumbavu na sina namna ya kuupamba. Naomba ruhusa nije nyumbani na Bibi Mkunga. Yeye ndiye aliyenilea, sina mwingine wa kumleta."

"Uje lini?"

"Siku utakayosema."

"Na kama sitasema?"

 "Basi nitakuja kuuliza tena kama umebadili mawazo."

 Mama hakutabasamu. Sindano aliyajua macho ya mama yake, na hayakuwa na huruma ndani yake hata tone.

"Wewe hunijui," mama alisema polepole. "Siku mabati yaling'oka nilikaa na huyu mtoto chini ya meza, mvua inatunyeshea ndani ya nyumba yetu wenyewe. Hakuna aliyekuja. Majirani walifunga madirisha. Alikuja mtu mmoja. Sasa unataka nimwambie nini mtu huyo? Kwamba binti yangu amempata mwingine, anayejua kusimulia?"

 Pale pale Sindano alielewa kwamba hata kama Miwani angekuwa na jibu zuri namna gani, halingefaa. Neno alilolingoja juma zima lilikuwa limesemwa, alilisikia kwa masikio yake, na bado mlima ulikuwa pale pale mbele yake. Ulikuwa wake.

"Usimwambie kitu, mama," alisema. "Si wewe wa kumwambia."

"Nani basi? Mjomba wako? Kesho mbele ya watu?"

"Wasije kesho."

"Unasemaje?"

"Nasema ndugu zake wasije. Wakija, nitasema hapana mbele yao, naye atakuwa amekaa pale ukingoni mwa kochi, anasikia. Hastahili hivyo. Nitakwenda mwenyewe. Nitakwenda sasa hivi."

Mama aliegemea fremu ya mlango. Ule mguu wake ulikuwa umeanza kumsumbua, alikuwa ameuinua kidogo. "Wewe? Wewe ambaye ukirudishiwa chenji pungufu unaondoka nayo?"

"Mimi."

"Utamwambia nini, mwanangu?"

 Sindano alishika ukingo wa sinki.

"Nitamwambia asante, mama. Sijawahi kumwambia mimi mwenyewe. Kila siku unamshukuru wewe, mimi naleta chai. Halafu nitamwambia hapana. Nimekuwa nikidhani ni neno moja. Nikisema asante, basi nimeshasema ndiyo. Si neno moja."

"Atakuja kutusema."

"Hatatusema. Na ndiyo maana inauma."

Mama aligeuza uso akatazama ukutani, kwenye vifuniko vya sufuria vilivyopangwa.  Alipogeuka tena macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile ya kugawa uji kwa watoto mia tatu.

"Mimi sijakubali chochote," alisema. "Sijamkubali huyu. Sijakubali unalokwenda kufanya. Hilo lisikike mpaka huko sebuleni kwa hao wanaojifanya wanasoma."

"Tumesikia, mama," kinyozi akaitikia.

"Ila sitakuzuia mlangoni."

Miwani alisogea. "Nitakusindikiza mpaka..."

"Hapana," Sindano alimwambia. Alimtazama moja kwa moja sasa, mama yake akiona, na hakujali. "Wewe baki hapa na mama. Mpe kiti, mguu unamuuma. Na akikuuliza kitu, jibu kile alichokuuliza."

*

Mkandarasi alikuwa na kazi ya ghorofa barabara ya pili nyuma ya soko. Vijana wake walikuwa wanafunga zana, wanaoshana miguu kwa mpira wa maji. Sindano alisimama kando ya lundo la mchanga, akataka kugeuka, hakugeuka.

Mkandarasi alimwona kabla hajaitwa. Uso wake mpana ukajaa furaha na wasiwasi kwa pamoja. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akaitazama, akaipangusa tena.

"Kuna usalama? Mama mguu?"

"Mama mzima."

"Ah, Mungu mkubwa." Akageuka huku na huku, akaona benchi la mafundi lililojaa vumbi la saruji, akavua kofia yake akaanza kulifuta. Alilifuta kwa makini, kona kwa kona, kama meza ya wageni. "Kaa, kaa. Pole kwa vumbi. Kesho ndiyo nilitegemea kukuona, si leo. Kaa basi."

Sindano hakukaa. Alijua akikaa tu, hatanyanyuka na neno alilokuja nalo.

"Nimekuja kukushukuru," alisema. "Kwa paa letu, na kwa mama. Sikuwahi kusema mwenyewe."

Mkono wenye kofia ukapunguza mwendo juu ya ubao. Mkandarasi hakuinua kichwa. Alikuwa mtu mzima, amejenga nyumba nyingi, anajua sauti ya kitu kinachotaka kushuka.

"Sema tu," alimwambia kwa upole. "Nakusikiliza."

Na Sindano akasema.